Barua pepe au jukwaa? Maswali yenu kuhusu mawasiliano ya vikundi na intaneti ya kazini

Tuna wanachama 180, tuchague lipi?

*Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni katibu wa chama cha wataalamu wa maabara za hospitali. Tuna wanachama 180 katika mikoa minne. Tunatumia kundi la WhatsApp, lakini kila linaloelezwa humo linazama baada ya siku mbili. Vijana wanataka tufungue jukwaa la majadiliano kwenye tovuti, wazee wanasema barua pepe inatosha. Zaidi ya nusu yetu tunapata intaneti kazini tu. Tufanye lipi? (Katibu, Tanga)*

Ndugu katibu, anzeni na kundi la barua pepe, yaani anwani moja ambayo mtu akiitumia ujumbe, unawafikia wote. Sababu umeitaja mwenyewe: zaidi ya nusu ya watu wako wanategemea intaneti ya kazini. Ofisi inaweza kufunga tovuti yoyote leo asubuhi bila kumuuliza mtu. Barua pepe haifungi, kwa kuwa shughuli zake zenyewe zinapita humo. Halafu jukwaa linamtaka mwanachama alikumbuke, alifungue na kuingiza nenosiri, wakati barua pepe inamkuta hata kama amefungua kikasha chake kutafuta jambo jingine kabisa.

Uzito nao uhesabiwe. Ujumbe wa maandishi matupu wa aya nne ni kilobaiti chache tu, ilhali ukurasa mmoja wa tovuti za siku hizi mara nyingi unafika megabaiti moja na kupita. Katika hospitali ya wilaya inayotumia modemu moja kwa idara tatu, hilo si jambo dogo.

Fani ya afya inaijua njia hii kwa muda mrefu. ProMED-mail, orodha ya barua pepe ya kutangaza milipuko ya magonjwa, ilianza mwaka 1994. Tarehe 10 Februari 2003 ilisambaza swali la daktari aliyesikia habari za ugonjwa wa ajabu huko Guangzhou, China, ambao baadaye dunia iliujua kwa jina la SARS. Tarehe 30 Desemba 2019 ikatuma tangazo kuhusu nimonia isiyojulikana chanzo chake huko Wuhan. Mara zote mbili ilikuwa barua pepe ya kawaida iliyoingia kwenye vikasha vya watu wakiwa kazini.

Pamoja na hayo, vijana wako wana hoja, na msiipuuze. Jukwaa linapanga mazungumzo kwa mada, mwanachama aliyejiunga leo anasoma yaliyojadiliwa miaka mitatu iliyopita, na picha haziendi kujaza vikasha vya watu. Kubwa kuliko yote ni kusahihisha. Jibu lenye kosa likitumwa kwa barua pepe limeshafika vikasha 180 na halirudi, lakini kwenye jukwaa msimamizi analirekebisha palepale lilipo. Kwa watu wanaoulizana vipimo na viwango vya dawa za maabara, hili ni jambo la usalama wa wagonjwa.

Ndiyo maana tunasema kundi la barua pepe lenye kumbukumbu inayotafutika kwenye tovuti. Google Groups inatoa yote mawili bila malipo na bila seva yenu wenyewe, na mwanachama mwenye anwani ya aina yoyote anaweza kupokea na kujibu kwa barua pepe. Siku ya kwanza wekeni hivi: kujiunga kwa mwaliko, kutuma kwa wanachama pekee, na ujumbe wa kwanza wa kila mgeni usubiri idhini. Kisha hakikisheni kumbukumbu ya mazungumzo imewashwa. Wengi husahau hapo, na barua zilizopita kabla ya kuiwasha hazihifadhiwi popote. Wamiliki wawe wawili au watatu, ili mmoja akihama kazi kundi lisibaki bila mwenyewe. Waalikeni watu kwa mafungu ya 30 au 40, maana anwani 180 zikiingizwa kwa mkupuo mmoja mfumo unaweza kuwadhania watuma barua taka.

Kuna mpangilio mmoja unaogombanisha vikundi: jibu liende wapi? Likienda kwa aliyeuliza tu, maarifa yanatoka nje ya kundi na swali lilelile linarudi baada ya miezi miwili. Likienda kwa wote, ipo siku mtu atajibu mambo yake ya faragha mbele ya watu 180. Kwa kundi la kitaaluma kama lenu tunachagua liende kwa wote, kwa masharti mawili: jina la mgonjwa lisitajwe kamwe, na picha ya fomu ya majibu isitumwe kabla ya kukatwa sehemu yenye jina na namba ya hospitali.

Halafu fundisheni kuandika kichwa cha barua. Chukua barua yenye kichwa “Swali la haraka”. Baada ya mwaka hakuna atakayeipata. Barua hiyohiyo ikiandikwa “Mashine ya CBC: hesabu ya chembe sahani inatoka chini kila asubuhi”, (CBC ni kipimo cha hesabu ya chembe za damu) mtu wa Korogwe mwenye tatizo lilelile anaandika maneno mawili kwenye kutafuta na kuiona. Anayeanza jambo jipya aanze barua mpya. Akibonyeza kujibu kwenye barua ya zamani kisha akafuta kichwa, barua yake bado inabeba ndani alama ya mazungumzo ya zamani, na programu nyingi zitaibandika humo humo.

Viambatisho wekeni kikomo cha megabaiti 1 kwa barua, vilivyo vikubwa viwekwe kwenye hifadhi ya mtandaoni na kutumwa linki tu. Seva nyingi za barua zina kikomo, tena faili likisafiri kwa barua pepe hugeuzwa kuwa herufi na kuongezeka kwa takriban theluthi moja. Faili la megabaiti 20 linakuwa karibu 27, seva yenye kikomo cha megabaiti 25 inalikataa, na mtumaji anabaki kushangaa.

Mara moja kila baada ya miezi sita pakueni nakala ya kumbukumbu zote. Mmiliki wa kundi anaweza kufanya hivyo kupitia Google Takeout, na faili linalotoka linafunguka kwa Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe, likisaidiwa na kiongezi cha kuingiza barua. Yahoo Groups ilifungwa tarehe 15 Desemba 2020, na vikundi ambavyo havikuwa na nakala vilipoteza mazungumzo ya miaka mingi.

Jukwaa kamili lije mkishakuwa na mtu wa kulihudumia kila wiki. phpBB, programu ya kuendesha jukwaa, inakubali upangaji wa tovuti wa bei nafuu wenye PHP na MySQL, lakini roboti za matangazo zitaanza kujisajili mapema, na masasisho yakicheleweshwa tovuti inadukuliwa. Discourse, programu nyingine ya jukwaa iliyotoka mwaka 2013, inahitaji seva yenye RAM ya angalau gigabaiti 1, na ina faida moja tunayoipenda sana: mwanachama anaweza kupokea kila ujumbe kwa barua pepe na kujibu hukohuko, bila kufungua tovuti. Mkifika huko, wazee na vijana watakaa sehemu moja.

WhatsApp ibaki na kazi yake: tangazo la mkutano, msiba, gari limeharibika njiani. Mjadala wa kitaalamu uhamie kwenye barua.

Wenye Yahoo wakituma, wengine hawapati

*Nasimamia kundi la barua pepe la walimu wa hisabati, tunaendesha Mailman, programu ya orodha za barua pepe, kwenye seva yetu. Mwanachama wa Yahoo akituma, wenye Gmail hawapati. Mbaya zaidi, watu ambao hawajagusa kitu wanaondolewa kwenye kundi peke yao. Kuna nini? (Msimamizi, Mombasa)*

Seva inayopokea barua hukagua mambo matatu. SPF inaangalia kama seva iliyotuma imeruhusiwa na mwenye anwani. DKIM ni sahihi ya siri iliyofungwa kwenye maudhui, na mtu akibadilisha hata neno moja inavunjika. DMARC ni agizo la mwenye anwani: hayo mawili yakishindwa, barua ifanywe nini.

Sasa tazama barua ya mwalimu wa Yahoo inavyopita kwenu. Inatoka seva yenu, si ya Yahoo, kwa hiyo SPF haimtetei. Kundi linaongeza jina lake kwenye kichwa na maelezo ya chini, kwa hiyo DKIM inavunjika. Na tangu Aprili 2014 agizo la Yahoo ni kwamba barua ya namna hiyo ikataliwe. Gmail inatii agizo hilo na kuirudisha. Mailman inahesabu kila barua iliyorudi kama kosa la mpokeaji, na hesabu ikifika kikomo inamwondoa. Ndivyo mtu wa Gmail asiye na hatia anavyotolewa kwa sababu ya barua ya mtu wa Yahoo.

Dawa iko kwenye mipangilio ya Mailman kuanzia toleo la 2.1.18: tafuta sehemu ya DMARC, chagua “Munge From”. Barua itaonekana imetoka kwenye anwani ya kundi, jina la mwalimu likitangulia, na anwani yake ikibaki kwenye sehemu ya kujibu. Kisha futa hesabu za makosa na uwarudishe walioondolewa.

Tuma barua ya majaribio kwa Gmail, bonyeza nukta tatu, chagua kuona barua asilia. Juu utakuta SPF, DKIM na DMARC, kila moja ikiwa na PASS au FAIL. Kama SPF ya domeini yenu wenyewe inafeli, angalia kwanza kama kuna rekodi mbili za SPF. Inaruhusiwa moja tu, na makosa haya hutokea pale fundi mpya anapoongeza ya kwake bila kutazama iliyopo. Ziunganishe kwenye mstari mmoja, na zisihitaji kuulizia DNS (daftari la majina ya intaneti) zaidi ya mara 10.

Ofisi imefunga kila kitu, niweke VPN?

*Kazini kwetu majukwaa yote yamefungwa, hata yale ya wahasibu ambako huwa napata majibu ya programu tunayoitumia. Mwenzangu ameniambia nipakue VPN ya bure. Ni salama? (Mhasibu, Dodoma)*

Ndugu mhasibu, usiweke. VPN ya bure inapitisha kila kitu chako kwenye seva ya mtu usiyemjua, na wewe unashika hesabu za ofisi. Ikiwa ni kompyuta ya mwajiri, kuisakinisha peke yake kunaweza kuwa kosa la kinidhamu. Tena mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitangaza kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa za matumizi yao, kwa hiyo hata mwajiri wako asingependa kukuta inaendeshwa bila yeye kujua.

Ukijua tovuti zinavyofungwa utajua pia namna ya kuomba. Mara chache mtu wa TEHAMA ameikaa na kuifunga tovuti yako kwa jina. Fayawoli, kichujio cha mtandao wa ofisi, inanunuliwa ikiwa na makundi tayari (kamari, ngono, mitandao ya kijamii, majukwaa) na mkubwa anasema kundi zima lifungwe. Jukwaa la wahasibu linaangukia humo pamoja na ya udaku. Kulitoa ni kazi ya dakika mbili, mradi aambiwe jina kamili.

Andika barua fupi kwa mkuu wako wa idara, nakala kwa TEHAMA. Taja anwani kamili ya tovuti, programu ya ofisi inayohusika, na mfano mmoja wa tatizo lililotatuliwa humo. Omba ifunguliwe kwa kompyuta za uhasibu tu, au kwa saa maalumu. Kama tovuti inaleta picha na maandishi yake kutoka domeini nyingine, ziombe zote kwa pamoja. Ikifunguliwa moja tu, ukurasa unakuja mweupe na wote mtadhani bado imefungwa. Usiandike “naomba intaneti ifunguliwe”, hiyo itakataliwa na wana haki ya kuikataa.

Wakati unasubiri, angalia kama jukwaa hilo linatuma ujumbe kwa barua pepe. Mengi yanayo: unaingia kwenye akaunti ukiwa nyumbani, unachagua kufuatilia mada, na majibu yanakuja kwenye kikasha. Chagua muhtasari wa siku, barua moja tu, ili kikasha kisijae.

Mtandao unakufa kila saa nne asubuhi

*Nina laini ya Mbps 20 kwa wafanyakazi 60. Saa nne asubuhi hata barua pepe haifunguki. Wakubwa wanataka nifunge tovuti zote. Nisaidieni hoja. (Afisa TEHAMA, Kigoma)*

Kabla ya kufunga, pima. Kwenye kompyuta iliyounganishwa kwa waya fungua dirisha la amri na uandike ping 8.8.8.8 -t, iache kuanzia saa mbili hadi saa tano. Kama muda wa kujibu unatoka milisekunde 40 na kupanda hadi 700 au 900 bila pakiti nyingi kupotea, laini yako haijakatika. Imejaa, na foleni imerundikana ndani ya ruta. Kufunga tovuti za soga hakutaondoa foleni iliyosababishwa na kitu kingine.

Angalia kwanza upakiaji, kwa sababu husahauliwa. Simu za wafanyakazi zikishika Wi-Fi ya ofisi zinaanza kuhifadhi picha za wikendi mtandaoni. Njia ya kwenda ikijaa, hata vithibitisho vya vitu unavyopakua vinachelewa, na upakuaji nao unadorora. Simu ziwekee Wi-Fi yake, itengwe na mtandao wa kazi, na ipewe Mbps 4 zisizozidi, kwenda na kurudi.

Pili, masasisho ya Windows. Kompyuta 60 zikipakua kila moja nakala yake ya sasisho la megabaiti 500, hizo ni gigabaiti 30, na laini yako ya Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde, na megabaiti moja ni megabiti 8) inabeba megabaiti 2.5 kwa sekunde: zaidi ya saa tatu bila mtu mwingine kutumia chochote. Kwenye mipangilio ya Windows Update fungua Delivery Optimization, ruhusu kompyuta zigawiane kwenye mtandao wa ndani tu, na weka kikomo cha kasi kwa saa za kazi.

Tatu, viambatisho vya barua za vikundi, na hapa hesabu inashangaza wengi. Mtu akituma faili la megabaiti 12 kwa “wafanyakazi wote”, na barua zenu ziko kwenye seva ya nje, faili linakuwa kama megabaiti 16 kwa kila kikasha. Outlook kwenye kompyuta 60 itazivuta zote, zilizosomwa na zisizosomwa. Jumla ni megabaiti 960, yaani zaidi ya dakika 6 laini nzima ikiwa haina nafasi. Tangazo la mkutano lililopigwa picha na kubandikwa kwenye Word linatosha kufanya hivyo, na mara nyingi hutumwa saa nne kasoro. Weka kikomo cha megabaiti 2 kwenye anwani ya kundi la wote, faili liwekwe kwenye folda ya pamoja ya seva ya ndani.

Ukimaliza hayo, iache ruta yako isimamie foleni kwa kuiwekea kikomo cha kasi. Kasi uliyoipima kweli, si ile ya mkataba, izidishe kwa 0.9. Kama umepima 20, weka 18, na ufanye hivyo kwa upakiaji pia. Ruta ya MikroTik yenye RouterOS 7 ina fq_codel na cake, njia mbili za kugawa foleni kwa haki, chagua mojawapo. Unapoteza Mbps 2, lakini foleni inakaa kwako, si kwa mtoa huduma, na barua ya kilobaiti 5 haisubiri nyuma ya video. Rudia kipimo kilekile siku tatu, chapa matokeo ya kabla na baada, uwapelekee wakubwa. Hiyo ndiyo hoja yako.

Barua 400 kutoka kwa mtu aliye likizo

*Mwanachama mmoja ameenda likizo, kundi likajaa “Niko nje ya ofisi” usiku kucha. Inatokeaje? (Msomaji, Nairobi)*

Jibu lake la kujiendesha lilijibu kundi, kundi likampelekea barua yake mwenyewe, akaijibu tena. Sasa hivi msimamizi asitishe uwezo wa anwani hiyo kutuma, asiiondoe. Mfumo uliotengenezwa vizuri haujibu barua zenye alama ya kundi, na unamjibu kila mtu mara moja tu kwa siku kadhaa. Mifumo mibovu bado ipo. Kwenye kundi washa kipengele cha kukataa majibu ya kujiendesha, na mwenye likizo achague kuwajibu walio kwenye orodha yake ya anwani pekee.

Bosi anaweza kusoma barua zangu za kikundi?

*Nimejiunga na kundi la wanataaluma kwa anwani ya kazini. Mwajiri anaona? (Msomaji, Zanzibar)*

Kiufundi, ndiyo. Anayesimamia seva ya barua anaweza kufungua kikasha chochote kilichomo. Kwa kompyuta ya ofisi, mwajiri akiwa ameweka cheti chake (kitambulisho cha kidijitali ambacho kompyuta inakiamini), fayawoli inaweza kusoma hata kurasa za siri zinazoanza na https. Bonyeza alama iliyo mwanzoni mwa anwani ya tovuti, angalia aliyetoa cheti: ukikuta jina la mwajiri au la fayawoli yake, mazungumzo yanafunguliwa njiani. Kisheria mwajiri hana uhuru usio na mipaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa za mtu awe na sababu halali na amweleze mhusika. Iulize idara ya rasilimali watu sera ya ufuatiliaji iliyoandikwa.

Lakini hata bila bosi kusoma chochote, anwani ya kazini ni mahali pabaya pa kuweka uanachama wako. Siku ya kuacha kazi inafungwa, na wewe unabaki nje ya kundi bila namna ya kuthibitisha kuwa ni wewe. Hamia anwani binafsi sasa: jiunge nayo kwanza, subiri barua moja ifike na ujibu moja ili uhakikishe inakubaliwa, ndipo uiondoe ya kazini.